Kuufikia Mwamba Bila Gari: Mada kwa Vijana na Walimu wa Michezo, Lingeka



Mada niliyopewa ni namna ya kuifikia miamba ya kupanda kwa kamba kwa mtu asiye na gari. Nimeipokea kwa furaha, kwa sababu katika mkoa wetu wa Simiyu karibu kila kijana mwenye hamu ya mchezo huu yumo kwenye kundi hilo, na wengi hukata tamaa kabla hata ya kugusa jiwe. Wanaamini mchezo ni wa wenye Land Cruiser. Nitasema mapema ninachoamini mimi: mtu anaweza kukosa gari na bado akapanda, lakini hawezi kupanda kama hajui atarudije. Mwenye gari huanza na mwamba anaoutaka. Asiye na gari aanze na gari la mwisho la kumrudisha nyumbani, kisha ahesabu kurudi nyuma, saa kwa saa, mpaka aone muda uliobaki wa kuwa kwenye jiwe. Muda huo ndio utakaomchagulia mwamba.

Mchezo wenyewe ulikuzwa na watu wa kutembea. Ujerumani, kando ya mto Elbe, wapandaji wa Dresden hushuka treni kwenye stesheni ndogo ya Rathen, huvuka mto kwa kivuko na kutembea hadi kwenye minara ya mawe. Uingereza, mwaka 1951, vijana wa Manchester waliunda klabu iliyoitwa Rock and Ice. Joe Brown na Don Whillans, vinara wao, walikuwa vijana wa kazi za mikono, wa bomba na ujenzi. Miaka minne baadaye, Brown aliyezoea kwenda miambani kwa basi na treni alikuwa na George Band katika kuupanda kwa mara ya kwanza mlima Kangchenjunga, wa tatu kwa urefu duniani. Hadi leo treni ya kati ya Manchester na Sheffield husimama Hathersage, na anayeshuka hapo huufikia kwa miguu ukuta maarufu wa Stanage.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikuwa hivyo hivyo. Halford Mackinder na wenzake walipofika kilele cha Batian cha Mlima Kenya mwaka 1899, reli ilikuwa imefika Nairobi tu. Kutoka hapo ni miguu, wakiwa na wapagazi ambao historia haiwataji inavyostahili. Mwaka 1943 mfungwa wa vita Felice Benuzzi, Mwitaliano, alitoroka na wenzake wawili kambini Nanyuki wakaupanda mlima huo huo kwa vifaa walivyotengeneza wenyewe, kisha wakarudi kambini kwa miguu. Na Bill Tilman, mlowezi wa Kenya aliyepanda Batian na Eric Shipton mwaka 1930, alipotaka kurudi kwao Ulaya mwaka 1933 alinunua baiskeli akaikata Afrika kutoka Uganda mpaka pwani ya Kamerun, kilomita zinazokaribia 5,000. Msukuma anayesikia habari ya Tilman hashangai sana. Baiskeli ni chombo chetu.

Sasa tuje kwenye njia zetu. Lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi imetubadilishia mambo. Zamani mvua ikinyesha, safari ya kutoka Bariadi hadi Lamadi ilikuwa ya kubahatisha; leo ni kilomita 70 na ushei za lami tupu, na Lamadi unakutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Basi la Bariadi kwenda Mwanza linapita Lamadi, linapita Magu, linapita Kisesa, na kadiri unavyolikaribia jiji ndivyo mawe ya matale yanavyozidi kusogea barabarani. Kisesa ni kilomita kama 20 kabla ya Mwanza mjini. Ukishuka hapo, kilima cha Bujora chenye Makumbusho ya Wasukuma hakiko mbali, na mawe yake ni makubwa. Ila eneo lile lina wenyewe, makumbusho na parokia. Mtu huomba ruhusa kwanza, na akikataliwa anashukuru na kuondoka. Ukiendelea hadi stendi ya Nyamhongolo, daladala zitakuingiza mjini, ambako mawe yamekaa katikati ya nyumba za watu. Jiwe la Bismarck pale ziwani ni alama ya jiji. Lipigwe picha, liachwe.

Kuna miamba iliyo karibu zaidi na sisi ambayo nawaonya mapema: ile ya ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kama vilima vya Moru. Ni mizuri kupita kiasi, nayo haipandwi. Ndani ya hifadhi ile mgeni hashuki garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, na chui na simba hupumzika juu ya mawe yale yale. Tuiache.

Nirudi kwenye hesabu ya kurudi, maana hapo ndipo watu wengi huumia. Chukua mfano. Umeulizia stendi, si kwa mtu mmoja bali kwa makonda wawili watatu, ukaambiwa gari la mwisho lenye uhakika hupita njia panda saa kumi na moja jioni. Kutoka kwenye mwamba hadi njia panda ni saa moja ya kutembea na mzigo. Kukunja kamba na kuhakiki vifaa ni nusu saa. Basi mtu wa mwisho awe amekanyaga chini saa tisa na nusu, awe amefika kileleni au hajafika. Kama asubuhi mlifika mwambani saa nne, mna saa tano na nusu. Kwa watu wanne wenye kamba moja, muda huo unatosha njia fupi chache za kupanda kwa utulivu. Jua huku kwetu huzama kuelekea saa moja usiku, na giza likiingia huingia mara moja. Kijana anayeng'ang'ania njia moja ya mwisho saa kumi jioni anajiandalia safari ya bodaboda usiku bila taa ya kueleweka, na mimi naiogopa safari hiyo kuliko ninavyoogopa kuning'inia kwenye kamba.

Kwa kuwa asiye na gari huchelewa kufika, achague na upande wa jiwe. Asubuhi jua linapiga uso wa mashariki. Ukifika saa nne au tano, uso huo unaelekea kuingia kivulini, na mchana wote ni wako. Kuanzia Juni hadi Agosti jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo nyuso za kusini zilizosimama wima hukaa kivulini muda mrefu zaidi. Jiwe la matale likipata joto kali, vidole na soli za viatu havishiki vizuri.

Kutoka lami hadi jiwe, ardhi ya Usukuma yenyewe inakuelekeza. Wazee wetu wameigawa tangu enzi: juu mawe, chini yake luseni, mchanga mwepesi, kisha itogolo, udongo mgumu, kisha mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Barabara nyingi hukatiza mbuga, na miamba iko juu ya luseni, hivyo karibu kila safari ya mpandaji ni ya kuvuka mbuga ili kupanda luseni. Kiangazi hilo si tatizo. Masika, udongo ule mweusi hujaa kwenye matairi ya pikipiki mpaka hayazunguki, na aliyeahidiwa kufuatwa saa kumi atafuatwa kesho. Na jiwe lenyewe likilowa, ukungu wa mimea unaoota juu yake huteleza vibaya. Kwa hiyo msimu wetu ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, ambao kwa bahati ndio msimu ambao wengi wenu mna vijisenti vya pamba.

Bodaboda ni msaada mkubwa, ila makubaliano yawe ya wazi. Usimlipe nauli ya kwenda na kurudi kwa mkupuo. Lipa ya kwenda, taja saa ya kufuatwa, chukua namba yake, na kabla hajaondoka jaribu kumpigia ukiwa pale pale chini ya mwamba. Kama mtandao haushiki, mtafute mahali unaposhika, mkapaone wote wawili. Mtu mmoja kwa pikipiki moja. Mishikaki na begi la kamba mgongoni ni hatari tupu. Kofia yako ya kupandia haikulindi barabarani, kwa hiyo udai ya pikipiki.

Kwa miamba iliyo ndani ya saa mbili za baiskeli, mimi nachagua baiskeli. Haina gari la mwisho, haisubiri ijae abiria, na ile Phoenix yenye keria inayobeba gunia la mahindi haishindwi na vifaa vya watu wawili. Ifungwe kwa mwenyeji, kijijini, si porini.

Mzigo wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Kamba ya mita 60 ina kilo kama nne. Ongeza mikanda ya kiunoni, kofia ngumu, viatu, karabina na utepe wa kufungia juu, na maji lita tatu kwa kila mtu, mkigawana hakuna atakayezidiwa. Lakini hapa naomba wote mnisikilize vizuri, kwa sababu ni suala la uhai. Konda atataka begi liende kwenye buti. Buti la basi la kwetu hubeba betri za gari, madumu ya petroli, dawa za kupulizia pamba. Asidi ya betri huula uzi wa nailoni, na kamba iliyoguswa na asidi, hata na mvuke wake, inaweza kuonekana nzima kabisa na ikakatika chini ya uzito wa mtu. Huwezi kuiona kwa macho wala kuihisi kwa vidole. Kwa hiyo begi lenye kamba linakaa mapajani au miguuni pako. Konda akidai nauli ya mzigo, lipa. Kamba isiyojulikana ilisafiri na nini haipandiwi tena.

Kuhusu wenyeji. Mtu anayekuja na gari hupita kijijini kwa kasi. Mnaotembea mtaonekana na kila mtu, na hiyo ni faida yenu mkiitumia. Anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Elezeni mchezo, toeni kamba waione, waishike. Wageni wenye mabegi mazito wanaozunguka mawe hushukiwa kutafuta mali zilizofukiwa na Wajerumani, au kufuata mifugo, na nchi hii ndiyo iliyozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tena yako mawe ya matambiko. Wazee watawaambia ni yapi, na jibu lao ndilo la mwisho, mkiwa mmelielewa au hamjalielewa. Watawaambia pia penye nyuki. Pango lenye nyuki limewahi kuonwa na mchunga mbuzi miaka kumi kabla yenu, muulizeni.

Mfano bora ninaoujua wa mahali palipopangwa kumfaa asiye na gari uko Kenya, Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Unapanda matatu Nairobi kwenda Naivasha, kama kilomita 90, unaunganisha nyingine ya barabara ya kusini mwa ziwa, unashuka njia panda ya lango la Elsa na kuukuta mji mdogo wa baiskeli za kukodi. Hifadhi ile inaruhusu kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala, na mnara wa Fischer, wenye urefu wa mita kama 25, uko jirani na lango. Mpandaji, mkodisha baiskeli na dereva wa matatu wote wanapata riziki. Halmashauri yenye jiwe zuri kilomita mbili kutoka lami inaweza kuanza hivyo hivyo. Lakini korongo la Hell's Gate liliua watu kwa mafuriko ya ghafla mwaka 2012 na tena 2019, kwa hiyo wingu likijaa huko juu, watu watoke korongoni hata kama kwao hakujadondoka tone.

Hilo linanifikisha kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Mwenye gari akivunjika mguu, gari lipo. Sisi hatuna. Na mtu aliyeanguka akaumia shingo au mgongo hapakizwi kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Kufanya hivyo kunaweza kumpoozesha mtu ambaye angepona. Alazwe, asigeuzwe-geuzwe, kichwa kishikwe, abebwe kwenye kitu kigumu: machela, mlango, kitanda cha kamba, kwa watu wasiopungua sita. Watu hao sita watatoka wapi? Watatoka kijiji kile mlichokipitia asubuhi mkaamkia.

Na gari litoke wapi? Tunao mfano nyumbani. Mfumo wa m-mama, wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaopata dharura, ulianzia Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mtu hupiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyekwisha kusajiliwa, na hulipwa kwa safari hiyo. Mfumo ule ni wa mama na mtoto na haupaswi kuchezewa na wanamichezo. Ninachoomba tuige ni wazo lake: kabla ya siku ya kupanda, kikundi kiwe kimeongea na dereva mwenye Noah au mchomoko wa kijiji cha jirani, bei ya kwenda kituo cha afya ikiwa imeshakubaliwa, fedha hiyo imewekwa kwenye simu ya mtu mmoja na haiguswi kwa soda wala nauli. Isipotumika, inangoja safari ijayo.

Walimu, napendekeza kazi ya kwanza ya kikundi cha hapa isiwe kupanda. Jumamosi moja ya Juni, mwende bila kamba. Mtembee kutoka njia panda hadi jiwe mkiwa na saa mkononi, mwandike dakika, mahali mtandao unaposhika, nyumba ya mwenyekiti, jina la dereva na saa za magari ya kurudi. Karatasi hiyo ibandikwe shuleni, na anayetaka kwenda wiki inayofuata aisome kwanza.