Mikono Inayojifunza Kutoa Mtoto wa Jicho

(MUZIKI WA KUFUNGUA, sekunde 15, kisha unashuka)

MTANGAZAJI:
Popote mlipo, Nyarugusu, Nakivale, Kyaka, Kakuma, karibuni katika kipindi chetu cha afya. Sogezeni redio karibu, na kama kuna mzee hapo nyumbani ambaye macho yake yameanza kufifia, mwite aketi nasi.

Wiki hii katika sanduku la maswali tumepata karatasi iliyoandikwa na mjukuu kwa niaba ya babu yake. Babu anasema hivi: “Nimeandikiwa rufaa ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Nimesikia kwamba atakayenipasua ni daktari ambaye bado anasoma. Je, macho ya sisi wakimbizi ndiyo ya kujifunzia?”

Babu, asante. Hilo ni swali zito, na wapo wengi wanaolinong’ona kwenye foleni ya maji bila kuliuliza mbele ya daktari. Kipindi chote cha leo ni cha kulijibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya jicho, nyuma ya kile kiduara cheusi cha katikati, kuna lenzi. Ikiwa nzima, ni safi na inapitisha mwanga. Mnazijua zile plastiki tunazobandika kwenye madirisha ya nyumba zetu. Ikiwa mpya unaona hadi barabarani. Baada ya miaka ya jua na vumbi inakuwa nyeupe, unaona kivuli tu cha mtu anayepita. Lenzi ya jicho nayo hufifia hivyo. Mara nyingi ni umri. Wakati mwingine ni kuumia jicho, au ugonjwa wa kisukari, au dawa fulani zilizotumiwa kwa muda mrefu. Wako pia watoto wanaozaliwa nao.

Hakuna matone wala majani yanayoliondoa. Yale majani yanayosagwa na kukamuliwa ndani ya jicho yanaweza kuleta kidonda na kuliharibu jicho ambalo lingepona. Tiba ni moja: kuitoa lenzi iliyofifia na kuweka nyingine ya plastiki mahali pake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 94 duniani hawaoni kabisa au wanaona kwa shida kwa sababu ya mtoto wa jicho. Tiba yake inajulikana kwa miaka mingi. Lenzi ya kwanza ya plastiki iliwekwa ndani ya jicho la mtu mwaka 1949 huko London, na daktari Harold Ridley. Sasa kwa nini watu bado wanapofuka? Umbali ni sababu, na umaskini ni sababu. Lakini sababu mojawapo kubwa ni kwamba mikono inayojua kazi hii ni michache. Na mikono hiyo haizaliwi, inafundishwa.

Hapa ndipo swali la babu linapoingia.

(MUZIKI MFUPI, sekunde 5)

MTANGAZAJI:
Tutazame kazi yenyewe ili tujue ugumu wake uko wapi. Katika nchi zetu njia inayotumika sana ni ile ya mkono. Daktari anachoma sindano ya ganzi karibu na jicho. Mgonjwa yuko macho, anasikia watu wakizungumza, lakini haumii. Daktari anakata njia ndogo kwenye sehemu nyeupe ya jicho, upana wa milimita 6 au 7 hivi. Inakatwa kwa mshazari, kama handaki, na kwa hiyo mara nyingi inajifunga yenyewe bila mshono. Lenzi imekaa ndani ya mfuko mwembamba. Daktari anaufungua mfuko kwa mbele, anaitoa lenzi iliyofifia, anasafisha mabaki, kisha anaingiza lenzi mpya. Aliyezoea anaweza kumaliza kwa dakika kumi au hata chini ya hapo.

Ugumu uko kwenye ule mfuko. Mama zangu, mkimenya kitunguu, kati ya ganda moja na jingine kuna kautando kanakokaribia kutoonekana. Ukuta wa nyuma wa mfuko wa lenzi ni mwembamba zaidi ya huo. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko utando huo zaidi ya mara kumi. Na ni huo unaopaswa kubaki mzima ili ushike lenzi mpya. Ukipasuka, ute ulioko nyuma unaweza kuja mbele, na operesheni inakuwa ndefu na ya hatari zaidi. Si kwamba mgonjwa lazima apofuke, lakini uwezekano wa kuona vizuri unapungua.

Sasa mwanafunzi. Kwanza tuelewane: huyu anayeitwa mwanafunzi ni daktari tayari. Amemaliza chuo cha udaktari, ametibu wagonjwa, kisha amerudi chuoni miaka mitatu au minne kusomea ubingwa wa macho. Katika nchi kama Kenya wako pia matabibu waliofundishwa kazi hii maalumu ya kutoa mtoto wa jicho, na wamewarudishia wengi uwezo wa kuona.

Lakini kujua kwa kichwa na kujua kwa mkono ni mambo mawili. Mafundi cherehani mnanielewa. Siku ya kwanza mguu unakanyaga, mkono unavuta kitambaa, jicho linafuata sindano, na kila kimoja kinakwenda upande wake. Daktari wa macho naye anatazama ndani ya hadubini, haioni mikono yake. Mguu mmoja unarekebisha hadubini, mikono miwili ina vifaa viwili, na mtetemo mdogo wa kidole unaonekana mkubwa kama tetemeko.

Zamani, katika sehemu nyingi za dunia, mwanafunzi alisimama nyuma ya mkubwa wake, akatazama mara nyingi, halafu siku moja akaambiwa: leo ni zamu yako. Jicho lake la kwanza kulikata lilikuwa la mtu hai. Hofu ya babu inatoka huko, na si hofu ya ujinga. Walimu wa madaktari wenyewe waliiona.

Ndiyo maana leo kuna mazoezi ya kabla. Mwanafunzi anaanza kushona nyuzi kwenye sponji chini ya hadubini. Anafanyia mazoezi macho ya mbuzi au nguruwe yaliyotoka machinjioni. Kuna pia macho ya bandia yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye handaki la kukata, mfuko wa kufungua na lenzi ya kutoa. Akilipasua, linatupwa, analetewa jingine. Hakuna anayeumia.

Je, mazoezi hayo yanasaidia kweli, au ni mchezo tu? Hilo lilipimwa hapa hapa kwetu. Madaktari 50 waliokuwa wakisomea ubingwa wa macho Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipelekwa Cape Town, Afrika Kusini, kwa siku tano za mazoezi makali ya macho ya bandia: kurudia, kusahihishwa, kurudia tena. Kundi la pili liliendelea na masomo ya kawaida, nalo likapewa mazoezi hayo baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Katika mwaka uliofuata mazoezi, kundi la kwanza lilifanya operesheni zaidi ya mara mbili ya zile za kundi la pili. Na ule utando tuliousema? Kwa waliofanya mazoezi ulipasuka katika asilimia 7.8 ya operesheni. Kwa wale wengine ulipasuka katika asilimia 26.6. Tuseme hivi: katika kila macho 100, kundi moja lilipata shida hiyo kwa macho kama 8, na jingine kwa macho kama 27. Siku tano tu, macho ya plastiki, na tofauti yote hiyo.

(MUZIKI MFUPI, sekunde 5)

MTANGAZAJI:
Babu, sasa nakujibu moja kwa moja.

Ndiyo, inawezekana kwamba atakayeshika kisu ni daktari anayejifunza. Katika hospitali zinazofundisha, hilo humkuta mwenye nchi na mgeni, mwenye kazi na asiye nayo. Kama hakuna anayefundishwa leo, basi bingwa aliyeko akistaafu hatakuwepo wa kumpokea kijiti, na sisi tulio mbali na miji mikubwa ndio tutakaokosa mapema kuliko wengine.

Lakini anayejifunza hapaswi kuachwa peke yake. Anaanza kwa kusaidia. Kisha anapewa hatua moja tu, labda kuweka lenzi mpya, na mkufunzi anafanya zilizobaki. Akiiweza, anaongezewa nyingine. Hadubini nyingi za kufundishia zina sehemu mbili za kutazamia, kwa hiyo mkufunzi anaona kile kile anachokiona mwanafunzi, na anaweza kuchukua kazi wakati wowote. Ukiwa umelala pale ukasikia mmoja akisema “niachie hapo”, usishtuke. Hiyo ni kazi ikiendelea inavyotakiwa.

Na kama mtu atafanywa wa kujifunzia bila kuambiwa, kwa sababu tu ana karatasi ya ukimbizi na hajui lugha ya hospitali, hilo ni kosa, na hatupaswi kulinyamazia. Jicho ni lako. Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, uliza maswali haya manne, bila kuogopa na bila kugomba:

La kwanza: Nani atanipasua, na nani atasimama naye?
La pili: Amefanya operesheni kama hii mara ngapi?
La tatu: Jicho langu lina ugumu wowote wa pekee?
La nne: Nikitaka afanye mkubwa wake, inawezekana? Nitasubiri hadi lini?

Daktari mwema hakasiriki akiulizwa. Na kama hujui lugha yake, omba mkalimani. Usikubali kufasiriwa na mtoto mdogo mambo ya ridhaa, huo ni mzigo usio wake. Jambo moja zaidi: mkalimani huenda asiruhusiwe kuingia chumba cha upasuaji. Basi kabla ya kuingia, jifunze kwa lugha ya daktari maneno machache: “tulia”, “tazama chini”, “usitikise kichwa”. Ulizeni pia mkubaliane ishara ya kutoa ukitaka kukohoa. Mgonjwa anayetulia anamsaidia hata bingwa.

Ninyi wazee mnaosema “mikono ya kijana haiwezi”, niwape habari ya daktari wa India, Govindappa Venkataswamy. Akiwa kijana alipatwa na ugonjwa wa baridi yabisi, vidole vyake vikapinda vibaya. Wengi wangemwambia aache udaktari. Yeye akajifunza upya kushika kisu kwa vidole vile vile, akatumia vifaa vilivyotengenezwa kwa kufuata mkono wake, na katika maisha yake alifanya operesheni za macho zaidi ya 100,000. Mwaka 1976, akiwa amestaafu serikalini, alianzisha mjini Madurai hospitali ya macho ya Aravind yenye vitanda 11. Leo ni kati ya hospitali kubwa za macho duniani, na madaktari wa nchi nyingi huenda kujifunza huko. Tangu 1992 kiwanda chao kinatengeneza lenzi za bei nafuu. Mkono uliopinda ulifundishika, sembuse ulionyooka.

Sasa ya nyumbani. Ukishapasuliwa, usilisugue jicho. Usiingize maji wala majani. Weka matone uliyopewa kwa saa zake, na anayekuwekea anawe mikono kwa sabuni kwanza. Rudi kliniki siku uliyoambiwa hata kama unaona vizuri. Jicho likianza kuuma sana, likiwa jekundu zaidi, au ukiona uwezo wa kuona unashuka, usisubiri siku ya miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Na mkiona weupe katikati ya jicho la mtoto mchanga, mpelekeni zahanati mara moja. Mtoto hahitaji kusubiri akue. Akichelewa, ubongo wake haujifunzi kuona, hata jicho likitengenezwa. Operesheni ya mtoto hufanywa na bingwa aliyeizoea, akiwa amelazwa usingizi.

Vijana wenzangu, ninyi mnaowashika wazee fimbo kila asubuhi, mmoja anatangulia, mwingine anafuata, na shule inapita: mpelekeni babu au bibi akapimwe. Kupima ni hatua ya kwanza. Akiandikiwa rufaa, msiiache karatasi ikae chini ya godoro kwa sababu ya uvumi. Nendeni na maswali manne.

Babu uliyetuandikia, uamuzi ni wako. Ukienda, nenda ukijua unachouliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI:
1. Nani katika mtaa wetu ameacha kutoka nje kwa sababu ya macho, na nani atampeleka zahanati?
2. Nani kati yetu anaweza kumfasiria mgonjwa hospitalini?
3. Ni uvumi gani kuhusu kupasuliwa macho tumeusikia, na tunaujibuje?

Leteni majibu na maswali mengine kwenye sanduku letu. Hadi wiki ijayo, kaeni salama.

(MUZIKI WA KUFUNGA)