Likizo ya Watoto wa Turkana: Ngoma, Rangi na Miyaa

Mazungumzo kwa wazazi na walimu



Kando ya njia itokayo Lodwar kwenda Kalokol yamesimama mawe ambayo wenyeji huyaita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Wazee husimulia kwamba hapo zamani mawe hayo yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe pale pale walipokuwa. Wataalamu wa mambo ya kale, kwa upande wao, wasema kwamba nguzo za namna hiyo zilisimamishwa na wafugaji wa kwanza wa nchi ile, yapata miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Mahali pengine penye nguzo kama hizo ni Lothagam, karibu na sehemu za chini za mto Kerio. Habari zilizochapwa mwaka 2018 zaeleza kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa huko, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto wadogo, na karibu wote walizikwa na mapambo yao, shanga na vito vya mawe ya rangi.

Basi mtu akisema kwamba kuwafundisha watoto wa Kerio ngoma na sanaa wakati wa likizo ni jambo geni lililoletwa na watu wa mijini, na aende Lothagam akatazame.

Lakini mzazi naye ana swali lake, na swali hilo si la kupuuzwa. Husema, “Mtoto amekaa shuleni miezi mitatu. Sasa amerudi nyumbani. Akishinda akicheza ngoma na kupaka rangi, mbuzi atawachunga nani? Na maji yatatekwa na nani?” Walimu wengi wamelijibu swali hili kwa maneno matamu juu ya vipaji, na mzazi amesikiliza kwa adabu, kisha kesho yake mtoto hakuonekana. Jibu la haki ni kupanga saa za mafunzo kwa kufuata kazi za nyumbani. Jua la Turkana lenyewe lamsaidia mwalimu katika jambo hili, kwa kuwa adhuhuri hakuna awezaye kurukaruka juu ya mchanga ule. Wakati ufaao ni jioni, mifugo ikiisha kurudi zizini, na usiku wa mbalamwezi, ambao tangu zamani ndio wakati wa ngoma ya edonga.

Hata majira ya mwaka yaweza kusaidia. Likizo ya Aprili huangukia mwanzo wa akiporo, majira ya mvua, wakati majani huota, maziwa huongezeka na watu hukusanyika. Likizo ya Agosti ni ngumu zaidi, maana ukavu wa akamu unakaribia na kambi za mifugo huhamia mbali. Na ipo miaka ambayo mvua yenyewe haiji. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni chakula. Kwa watoto wengi wa Turkana, sahani ya mahindi na maharagwe wanayopewa shuleni ndiyo tegemeo lao la kila siku. Siku shule inapofungwa, sahani hiyo nayo hufungwa. Mtoto mwenye njaa hawezi kuruka edonga. Mpango wowote wa likizo ulionunua rangi, karatasi na fulana zenye maandishi, usinunue unga, umeanza kwa mguu mbaya, hata kama picha za siku ya mwisho zitapendeza.

Tena rangi zenyewe si lazima zitoke dukani. Udongo mwekundu upo, udongo mweupe upo, makaa yapo katika kila boma. Wanaume wa Kiturkana walizoea kupaka nywele zao udongo, wakazitengeneza kwa ustadi, wakazipaka rangi na kuzichomeka manyoya ya mbuni. Mzee aliyefanya kazi hiyo ujanani anajua jinsi ya kuchanganya rangi ikashika, jambo ambalo mwalimu aliyesomea chuoni huenda halijui.

Vivyo hivyo mkoma. Kina mama wa Kerio husuka vikapu kwa miyaa yake, na katika nyumba za zamani tunda lake gumu lilivishwa shanga na ngozi likawa mtoto wa bandia wa wasichana. Bibi mmoja mwenye subira, ameketi kivulini na wasichana kumi, na wavulana pia wakitaka, ni shule kamili. Atawafundisha kuchagua jani, kulianika, kulilowesha na kulizungusha tangu kitovu cha kikapu. Atawaonya pia kwamba mtu akikata majani yote machanga, mkoma hudhoofika, na kesho hana cha kusuka. Mwanamke huyu yafaa alipwe kama mwalimu yeyote mwingine. Si haki mgeni atokaye Nairobi apewe posho na nauli, naye bibi apewe soda na shukrani.

Neno hili halina nia ya kuwadharau wageni. Michael Wamaya, aliyewafundisha watoto wa Kibera dansi ya baleti, alihesabiwa mwaka 2017 katika walimu 10 wa mwisho waliogombea tuzo ya ualimu ya dunia. Watoto wake walijifunza dansi ya Ulaya kwa nidhamu kubwa, wala hawakupotea. Mwalimu kama huyo akija Kerio, yafaa jioni ya kwanza aketi atazame, na jioni ya pili afundishe.

Atakachokiona ni hiki. Katika edonga vijana huruka juu kwa miguu iliyokaza, huku wengine wakiimba, na mwenye ng'ombe apendaye humsifu kwa jina na rangi yake, akiinua mikono juu kuonyesha jinsi pembe zilivyopinda. Mtoto wa mjini Lodwar aliyekulia kando ya barabara ya lami huenda hajapata kulala katika awi ya babu yake, wala hamjui ng'ombe huyo. Mtoto wa bweni naye huimba vizuri katika mashindano ya shule, lakini akirudi nyumbani husimama pembeni, kwa kuwa wimbo wa ukoo wake haujui. Aibu hiyo hukua. Baadaye huitwa usomi.

Na huko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, wapo watoto wa Kidinka kutoka Sudan Kusini ambao watu wao nao huinua mikono kama pembe wanapomsifu ng'ombe. Wapo Warundi, ambao ngoma zao za kifalme ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wapo Wakongo na Wasomali na Wahabeshi. Wenyeji na wakimbizi wamepata kugombana juu ya kuni na maji. Wakiwekwa mtoto wa Kiturkana na mtoto wa Kidinka uwanja mmoja, mikono ya wote wawili juu, hawatahitaji mkalimani wa kuwaeleza kwamba wote ni watoto wa wafugaji.

Kwa mkutano wa wazazi wa Kerio yapo mambo matatu ya kuamua kabla shule hazijafungwa: nani atapika, nani atafundisha, na watoto wa ng'ambo ya mto watalala wapi. Hili la tatu lisisahauliwe. Mvua ikinyesha milimani, Kerio hujaa ghafula, na mtoto aliyevuka asubuhi kwa miguu mikavu huenda asiweze kurudi kwao jioni.