Kinu cha Maji na Mikono ya Mama Zetu



Katika siku ya yubile tunawakumbuka wale waliojenga. Tunataja mapadri, wakatekista na mafundi wa matofali. Leo ninaomba tuwakumbuke pia wale waliowalisha wote: mama zetu na kinu chao. Hakuna kanisa lililojengwa hapa pasipo bukari, na hakuna bukari pasipo mikono iliyotwanga.

Kati ya Kasongo na Kabambare, sauti ya kinu ni ya kila siku. Muhogo unalowekwa, unakaushwa, unatwangwa, unachekechwa. Mupunga nao uliletwa na watu wa pwani katika karne ya 19, na wanawake wakaongezewa kazi ya kuukoboa. Tangu mwaka wa 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha vijiji kulima mazao fulani. Mashamba yakazidi, lakini mikono ilikuwa ni ile ile.

Maandiko Matakatifu yanaijua kazi hii. Katika Injili ya Matayo (24,41) Bwana wetu anataja wanawake wawili wanaosaga pamoja. Na Kumbukumbu la Sheria (24,6) inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua uzima wa mutu.

Watu wa zamani waliona kwamba muto unaweza kusaidia mikono. Katika karne ya kwanza mbele ya Kristu, Vitruvius wa Roma alieleza kinu cha maji. Namna yake ni hii: maji yanatolewa mutoni kwa mufereji, yanasukuma gurudumu, na gurudumu linazungusha jiwe la juu kwa njia ya meno ya miti. Jiwe la chini halitikisiki. Nafaka inaingia kwa tundu la katikati, inatoka pembeni ikiwa unga. Mutakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliandika katika Kanuni yake, sura ya 66, kwamba monasteri iwe na maji na kinu ndani yake. Mufalme wa Uingereza alipoandikisha mali ya inchi yake, mwaka wa 1086, vinu karibu 6,000 vilihesabiwa.

Lakini tusifiche upande wa pili. Mwenye kushika kinu alishika pia kinywa cha watu. Mabwana wa mashamba waliwalazimisha wakulima kusaga kwao tu na kuacha sehemu ya unga. Hata watawa walifanya hivyo. Kule St Albans, Uingereza, katika karne ya 14, abate aliwanyanganya watu mawe yao ya kusagia, akayatandika chini ndani ya monasteri. Mwaka wa 1381 watu waliasi, wakayangoa, wakagawana vipande vyake.

Katika Afrika yetu kuna mufano mwema zaidi. Mwaka wa 1902 wamisionari Wakwekeri kutoka Marekani walifika Kaimosi, Kenya ya magharibi, wakatumia nguvu ya muto kupasua mbao. Katika miaka ya 1930 wenyeji wa upande ule, na Wakikuyu pia, walikuwa na vinu vya maji vyao wenyewe kwa kusaga mahindi, na wengine walivimiliki kwa ushirika.

Kwetu Maniema, nguvu ya maji ilitumikia migodi kwanza: kampuni Symétain ilijenga mitambo ya umeme kwenye muto Lutshurukuru, karibu na Kalima. Vijiji vilibaki na kinu cha mukono, kisha mashini ya mazuti. Mashini hiyo ni musaada mukubwa, lakini mazuti inatoka mbali. Barabara ikikatika, mama anarudia muchi wake.

Wandugu, tupige hesabu. Kijito kinachotoa litri 100 kila sekunde, zikianguka metre 3, kina nguvu ya kilowati karibu 3. Gurudumu likipoteza nusu, inabaki moja na nusu. Mutu mwenye afya anayefanya kazi muchana kutwa hafikishi sehemu ya kumi ya kilowati moja. Basi kijito kimoja kinatenda kazi ya watu zaidi ya 15, na hakiumwi mugongo. Vijito vya namna hii vinashuka vilima vya Kabambare kwenda Luama.

Kwa hiyo, siku tutakapokubaliana kujenga kinu cha maji, tuanze na mapatano mbele ya mawe. Kisiwe mali ya padri wala ya tajiri mumoja. Wanawake wakae katika kamati, maana wao ndio wanaojua uzito wa muchi. Bei itangazwe mbele ya wote, mujane asirudishwe, na kila kiangazi mufereji usafishwe kwa kazi ya pamoja.

Wazee wetu walituachia kanisa la matofali. Sisi tuwaachie watoto wetu mama wasiochoka kabla ya jua kuchomoza. Mungu aliyeumba mito aibariki kazi hiyo.