Maji ya antirinamu

Msikilizaji wa Lushoto, leo tuzungumzie antirinamu, lile ua ambalo ukilibinya pembeni hufunua kinywa. Asili yake ni Mediterania. Hupenda ubaridi, ila mizizi ikituama majini huoza.

Januari na Februari, jua likiwa kali, chomeka kidole udongoni. Pakiwa pakavu hadi pingili ya kwanza, mwagilia. Masika yakianza, weka ndoo kando, chimba mfereji maji yatoke.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Umande hukawia kukauka, na majani yaliyolowa usiku kucha hukaribisha kutu, ugonjwa wa madoa ya kahawia chini ya jani. Tafadhali, mwagilia asubuhi, tena shinani, majani yabaki makavu.