Mwenye Ratiba Ndiye Mwenye Sheria

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi)



Tumekusanyika kuzungumza jambo ambalo wengi hulidhani ni la makarani tu, nalo ni ratiba ya Bunge: siku gani muswada usomwe, saa ngapi ujadiliwe, na nani apewe nafasi ya kusema. Sisi tunasema jambo hili ni la kila mwananchi. Chama kinaweza kuwa na hoja bora kuliko zote, lakini hoja isiyopewa saa yake ni kama jahazi lililopwelewa: tanga lipo, upepo upo, safari haipo.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe ilivyo. Bunge la Jamhuri ya Muungano hukutana Dodoma kwa mikutano michache katika mwaka. Mkutano ulio mrefu kuliko yote ni wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Zamani mjadala huo ulifika hata Agosti, na huku serikali imekwisha kuanza kutumia fedha ambazo Bunge halijamaliza kuzijadili. Mabadiliko ya 2013 yaliondoa kasoro hiyo, nasi hatuoni haya kuyasifu. Lakini wizara zote sharti zipite katika miezi hiyo mitatu; na muda wa wizara ukimalizika, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila ya kuulizwa hata swali moja.

Shughuli hizi hupangwa na Kamati ya Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni Spika. Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani huwa na kiti humo, pale kambi hiyo inapokuwapo. Baada ya uchaguzi wa 2020 haikuwapo. Upinzani ukawa unaletewa ratiba iliyokwisha kupangwa.

Khatari kubwa zaidi imo katika hati ya dharura. Muswada wa kawaida hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, hupelekwa katika kamati, na kamati huweza kuwaita wananchi watoe maoni yao. Hati ya dharura huifupisha njia hiyo. Hatusemi kwamba dharura haipo duniani. Tunauliza ni dharura ya nani.

Juni 2019 uliletwa muswada mmoja wa kubadilisha sheria 8, zikiwamo za kampuni, jumuiya, mashirika yasiyo ya kiserikali, filamu na takwimu. Ulitangazwa 19 Juni, ukapitishwa 27 Juni. Sheria 8 kwa siku 8! Sasa tutazame Tumati, kata iliyoko Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, mbali na bahari na mbali na Dodoma. Mkulima wa huko aliyejiunga na wenzake katika jumuiya yao angeusoma lini muswada ule? Na mbunge wake, aliyefungwa Dodoma na siku za mwisho za bajeti, angerudi lini kumuuliza? Haraka ile haikumtenga mpinzani peke yake. Ilimtenga kila asiyekaa karibu na ukumbi.

Ikiwa ndivyo kwa Tumati, itakuwaje kwetu sisi tuliovuka bahari? Mwanzoni mwa Julai 2015, siku chache kabla ya Rais kulihutubia Bunge kwa kuliaga, zilipitishwa kwa haraka sheria tatu zinazohusu petroli, mapato ya mafuta na gesi, na uwazi katika uchimbaji. Wabunge wa upinzani waliopinga haraka ile, baadhi yao walisimamishwa, na sheria zikapita wao wakiwa nje. Ndani ya Sheria ya Petroli mlikuwamo jambo lililodaiwa Visiwani kwa miaka mingi, yaani Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake. Na 2016 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake. Jambo zito kama hilo lilistahili wiki za mashauriano, likapewa siku za kuhesabika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi tufanye nini? Kila tawi liwe na kalenda ya Bunge na ya Baraza ukutani, na mtu mmoja wa kufuatilia miswada inayotangazwa. Maoni yetu yaandikwe na kufikishwa katika kamati kabla ya muswada kurudi ukumbini, si baada ya kupita. Khasa tuishike Ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, inayotaka sheria ya Bunge la Muungano, nayo iwe ya mambo ya Muungano, iwasilishwe mbele ya Baraza la Wawakilishi ndipo itumike hapa. Tuwaulize wawakilishi wetu wa Chukwani: sheria hii imewasilishwa lini, na imepewa saa ngapi?

Na siku tutakapokabidhiwa serikali, kipimo hiki kitupime na sisi. Chama kinacholia kwa kunyimwa saa leo, kisije kikawanyima wengine kesho.