MPAGAZI WA MANENO
Hotuba kwa wanachama, Ruaha Mbuyuni



Mmetutaka tuseme juu ya kujifunza maneno ya Kiingereza. Twaanza na aibu yetu, kwani ndiyo iliyotufundisha. Tulipokuwa wageni katika kazi ya ukarani, tuliandika barua kuarifu kwamba mgeni mmoja mwenye cheo ameondoka salama. Neno tulilolitaka ni "departed"; tukaandika "deported". Waliopokea barua wakasoma ya kwamba bwana yule amefukuzwa nchini! Tuliitwa tujieleze, na kwa muda wa miezi mingi hatukupewa barua ya kuandika, ila kubandika stempu tu.

Kosa lilitoka wapi? Tulikariri maneno kwa orodha kama kasuku, wala hatukujua yaliyomo ndani yake. Katika Kilatini "portare" ni kuchukua mzigo. Basi fanyeni picha moyoni: mpagazi amesimama hapa chini ya mbuyu, gunia la vitunguu kichwani. Akiuingiza mzigo nchini, ni "import"; akiutoa, "export"; akiuvusha mto hata ng'ambo, "transport"; akirudi na habari, "report". Na "deport"? Hapo mzigo ni mtu mwenyewe, achukuliwa kwa nguvu. Lakini "depart" halina mpagazi. Asili yake ni kugawanya, kama mtu ajitengaye na wenzake. Tangu tulipoliona gunia lile hatukukosea tena.

Wala jambo hili si geni kwetu. Nani alifundishwa soma, somo, msomaji na msomi, kila neno peke yake? Tulilijua shina, matawi tukayatambua wenyewe.

Tena yako maneno yaliyo ndugu na yetu. "Magazine" na hazina yametoka katika shina moja la Kiarabu, la kuweka akiba. Ndiyo maana askari huliita hivyo ghala la risasi. "Tariff" ni ndugu yake taarifa. "Zero" ni sifuri iliyopita kwa Waitalia. Na "candidate" ni mtu aliyevaa nyeupe, kwa kuwa Warumi wa kale walioomba cheo walivaa vazi lililong'arishwa kwa chaki. Mfikirieni mwombaji wa kazi ndani ya kanzu mpya, neno halitawatoka.

Lakini angalieni, si kila mfanano ni udugu. "Porter" achukuaye mizigo na "porter" alindaye mlango huandikwa sawasawa, walakini huyu wa pili ametoka katika neno la Kilatini la mlango. Kwa hiyo kamusi isikae mbali na kalamu. Picha nzuri yaweza kumdanganya karani kuliko ujinga wake.

Katika mkutano ujao, kila mmoja na alete neno moja lililomtaabisha ofisini, pamoja na asili yake. Sisi tutaleta "secretary", ambalo ndani yake mna siri.