Mwanga, Kimondo na Kisahani: Lugha ya Mashahidi katika Uchunguzi wa Mianga ya Angani



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanafizikia, wanajeshi na waandishi wa magazeti. Mtu anatoka nje usiku, anatazama juu, anaona mwanga asioufahamu, kisha anakwenda kusimulia. Mchunguzi anapofika, mwanga umekwisha kutoweka. Kinachomfikia ni sentensi, na mara nyingi ni sentensi iliyokwisha kupita katika vinywa vitatu au vinne na pengine katika lugha mbili. Hivyo basi, kabla ya darubini na kabla ya ramani, uchunguzi wa mianga ya usiku ni kazi ya uchambuzi wa lugha, ijapokuwa waufanyao ni nadra kuitambua hivyo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina analolitumia shahidi, pamoja na sarufi inayolibeba jina hilo, huamua mapema ni kitu gani kitakachotafutwa. Kwa sababu hiyo maneno ya shahidi yapaswa kuandikwa kama yalivyotamkwa, katika lugha yaliyotamkwa, kabla ya mtu yeyote kuyafasiri. Mifano ya kwanza inatoka Marekani, kwa kuwa huko kumbukumbu za uchunguzi zimehifadhiwa kwa miaka mingi. Baada ya hapo tutarejea kwenye Kiswahili, ambako suala hili lina uzito wa namna ya pekee.

2.0 Jina moja, vitu vingi

Katika jimbo la North Carolina upo mlima mfupi uitwao Brown Mountain. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa eneo hilo walieleza kuwa usiku waliona mianga ikipanda juu ya mgongo wa mlima huo, ikielea, kisha ikizimika. Mwaka 1913 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilimtuma mtaalamu wake, naye akarudi na jibu fupi: ni taa za mbele za garimoshi, zionekanazo kutoka bonde la mbali. Jibu hilo lilidumu hadi mwaka 1916, mafuriko makubwa yalipoharibu njia za reli na garimoshi zikasimama kwa muda. Mianga iliendelea kuonekana. Wenyeji walikuwa na haki ya kuuliza: garimoshi gani hiyo iwashayo taa bila reli?

Mwaka 1922 idara hiyo hiyo ilimtuma George Rogers Mansfield. Alikwenda na kifaa cha kupimia pande, darubini na ramani. Usiku baada ya usiku alipima mwelekeo wa kila mwanga mmoja mmoja, akachora mstari wake juu ya ramani, akauliza mstari huo unapita wapi nyuma ya mlima. Matokeo yake yanajulikana: asilimia 47 ya mianga aliyoichunguza ilikuwa taa za magari, asilimia 33 taa za garimoshi, asilimia 10 taa zisizohama, na asilimia 10 mioto ya vichaka.

Wanaosimulia kisa hiki husifu vifaa vya Mansfield. Mwanaisimu ataona jambo jingine. Mchunguzi wa kwanza alikubali kwamba “mianga ya Brown Mountain” ni kitu kimoja kwa kuwa ina jina moja, na kwa hiyo akatafuta chanzo kimoja. Mansfield aliuvunja umoja wa jina. Jibu la mwaka 1913 halikuwa la uongo, maana theluthi moja ya mianga ilikuwa kweli garimoshi. Kosa lilikuwa katika nomino.

3.0 Sahani na madirisha

Mfano wa pili haukutokea usiku, lakini umeutawala usiku tangu hapo. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold, akiwa angani karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu tisa ving'aavyo vikienda kwa kasi. Alipoeleza mwendo wake alivifananisha na sahani iliyorushwa juu ya maji ikawa inadundadunda. Tashibiha hiyo ilihusu mwendo. Kuhusu umbo, maelezo yake hayakuwa ya sahani ya mviringo. Magazeti yaliichukua nomino yakaacha kitenzi, na kwa siku chache likazaliwa jina ambalo kwa Kiswahili tumelipokea kuwa “visahani virukavyo”. Tangu hapo watu wengi wakaanza kuona sahani. Hapa tashibiha iligeuka kuwa jina, na jina likawa kiolezo cha kuonea.

Usiku wa tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi iliyorusha chombo cha Kisovieti, Zond 4, yaliingia katika angahewa juu ya majimbo kadhaa ya Marekani, yakaungua yakiwa vipande vingi vilivyofuatana. Maelezo ya mashahidi yaliwafikia watafiti, na William Hartmann aliyachambua katika ripoti ya Chuo Kikuu cha Colorado iliyotolewa mwanzoni mwa mwaka 1969. Mashahidi wengi walieleza vizuri walichokiona: mianga kadhaa ikipita pamoja, kimya, ikiacha mikia. Lakini baadhi yao walieleza chombo kirefu kama sigara chenye madirisha yaliyowashwa taa. Watu hao hawakudanganya. Nafasi ya giza kati ya mwanga na mwanga waliijaza kwa kiwiliwili, kwani akili inayo tayari neno “chombo”, na chombo kina ubavu, na ubavu una madirisha. Thamani ya kisa hiki ni kwamba chanzo kinajulikana bila shaka; tunaweza kulinganisha sentensi na kitu chenyewe. Fursa ya namna hiyo ni adimu.

4.0 Hali ya Kiswahili

4.1 Mwanga na upatanisho

Kiswahili kinamlazimisha msemaji kuchagua ngeli, na ngeli si pambo. Neno “mwanga” ni homonimu. Mwanga, wingi mianga, ni nuru. Upatanisho wake ni wa U-/I-. Mwanga, wingi wanga, ni mtu afanyaye uchawi usiku. Upatanisho wake ni wa A-/WA-. Katika umoja nomino hizi mbili hazitofautiani hata kidogo. Tofauti yote imebebwa na silabi moja ya kitenzi: “mwanga ulipita juu ya paa” na “mwanga alipita juu ya paa”. Sentensi ya kwanza ni ya mtu aliyeona nuru. Ya pili imekwisha kumpata mtuhumiwa, bado jina lake tu.

Jambo hili si la mzaha. Katika sehemu za Usukuma nchini Tanzania, na katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee, na hasa vikongwe wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Karani anayeandika taarifa kituoni na kuona ni mamoja kati ya “ulipita” na “alipita”, au mwandishi wa habari anayeweka “alipita” kwa kuwa inanoga zaidi, anashika kitu chenye makali. Na ikumbukwe kuwa upande wa pili wa kosa upo vilevile: shahidi akisema “alipita” kwa makusudi, mtafiti wa kigeni akafasiri kuwa “nuru ilipita”, taarifa imepoteza habari yake muhimu kuliko zote, yaani kwamba kijijini kuna mtu aliye hatarini.

4.2 Kimondo

Neno “kimondo” nalo lina mtego wake. Kwa Kiswahili kimondo ni ule mwako upitao angani kwa kufumba na kufumbua, na pia ni jiwe au chuma kilichobaki ardhini. Kimondo cha Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi, na hakuna kumbukumbu ya mtu aliyekiona kikianguka. Vile vimondo vya kila usiku, kwa upande mwingine, vingi ni chembe ndogo ziunguazo zikiwa kilomita 80 hadi 100 juu, zisiache kitu cha kuokota. Kwa kuwa neno ni moja, asemaye “kimondo kimeanguka nyuma ya kilima kile” humfanya msikilizaji achukue jembe. Katika mapokeo ya Kiislamu ya pwani kimondo ni moto warushiwao mashetani wanaotega sikio kwenye habari za mbinguni. Hapo neno limebeba pia mrushaji na mrushiwa. Mchunguzi hana haja ya kubishana na mapokeo hayo. Anachohitaji kujua ni kwamba shahidi, kwa kusema “kimondo”, huenda ametoa maelezo ya sababu pamoja na ya tukio.

4.3 Kutotambuliwa na kutotambulika

Katika msamiati mpya zinasikika tafsiri mbili za istilahi ya Kiingereza inayojulikana kwa herufi UFO: “kitu kirukacho kisichotambuliwa” na “kitu kirukacho kisichotambulika”. Wengi huzitumia kama visawe. Sivyo. Kauli ya kutendwa inasema kwamba hakuna aliyekitambua hadi sasa. Kauli ya kutendeka inaelekea kusema kwamba kutambua hakuwezekani. Istilahi ya asili ina maana ya kwanza tu. Kiambishi -ik- kimegeuza ukosefu wa taarifa kuwa sifa ya kitu.

Inashangaza kwamba utaratibu bora wa kuainisha taarifa umejengwa juu ya tofauti inayokaribiana na hiyo. Shirika la anga la Ufaransa, CNES, lilianzisha mwaka 1977 kitengo cha kuchunguza taarifa hizi, ambacho leo huitwa GEIPAN. Taarifa huwekwa katika makundi manne: A ni kilichotambuliwa wazi, B ni kilichotambuliwa kwa uwezekano mkubwa, C ni kisichoweza kutambuliwa kwa upungufu wa taarifa, na D ni kile ambacho taarifa zake zinatosha, kimechunguzwa, na bado hakijatambuliwa. Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wake wa Blue Book uliofungwa mwaka 1969, lilipokea taarifa 12,618 na kuacha 701 bila utambuzi. Idadi hiyo ya 701 hutajwa mara kwa mara kama kwamba vyote ni vya namna moja. Bila mgawanyo wa C na D hatuwezi kujua ni vingapi vilikuwa vigumu na vingapi vilikuwa vimesimuliwa vibaya.

5.0 Saa, siku na shibiri

Yapo makosa madogo yanayoharibu kazi kubwa. “Saa mbili usiku” ya Mswahili ni saa 20:00. Katika taarifa iliyofasiriwa haraka huwa saa 2:00 baada ya usiku wa manane. Zuhura huweza kung'ara magharibi saa mbili usiku ikadhaniwa kuwa taa ya chombo, lakini saa nane za usiku Afrika Mashariki haionekani. Kwa hiyo kosa la mfasiri laweza kuiondolea tukio maelezo yake rahisi na kulizawadia fumbo. Kadhalika “usiku wa Ijumaa”: kwa hesabu ya pwani siku huanza machweo, na usiku huo ni ule wa kuamkia Ijumaa, kwa wengine ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Tangu Mei 2019, setilaiti za Starlink ziliporushwa 60 kwa mkupuo na kuonekana kama shanga zilizotungwa, kupishana kwa usiku mmoja kunatosha kumkosesha mchunguzi jibu lililo wazi katika ratiba.

Ukubwa nao. “Kubwa kama sahani” haina maana mpaka ijulikane sahani iko umbali gani. Vipimo vyetu vya mwili vingefaa hapa kuliko tunavyodhani. Shibiri iliyonyoshwa kwa urefu wa mkono hufunika takribani nyuzi 20 za anga, ngumi nyuzi 10, na mwezi mpevu ni nusu ya nyuzi tu. Shahidi asiyejua nyuzi ni nini anaweza kunyosha mkono akaonyesha.

Mfano wa kazi iliyofanywa kwa subira unatoka bonde la Hessdalen, Norwei, ambako mianga ilionekana mara nyingi kati ya mwisho wa mwaka 1981 na mwaka 1984. Watafiti wakiongozwa na Erling Strand walikaa huko kwenye baridi kuanzia tarehe 21 Januari hadi 26 Februari 1984 na vifaa vyao, na mwaka 1998 kikawekwa kituo kinachorekodi chenyewe. Baadhi ya mianga ya huko ilithibitika kuwa magari na ndege. Mingine bado haina maelezo yanayokubaliwa na wote. Hiyo ndiyo hali halisi ya kundi D, na haihitaji kutiwa chumvi.

Linabaki suala la hojaji, ambalo wanafunzi wa isimu wangeweza kulishughulikia kesho asubuhi. Swali “Eleza ulichokiona” linaonekana halina upande, lakini kirejeshi -cho- kimekwisha kumpa shahidi kitu cha ngeli ya KI-/VI-, kimoja, chenye mipaka. “Ulimwona nani?” ni balaa tupu. “Kiliruka kuelekea wapi?” limeongeza uwezo wa kuruka, na “kilitua wapi?” limeongeza nia. Hata “kilizimwa” badala ya “kilizimika” humleta mtu mwenye mkono kwenye swichi. Swali lisilompa shahidi nomino wala mtendaji ni fupi, na kila mzungumzaji analo tayari: “Ilikuwaje?” Baada ya hapo anyamaze, aandike viambishi kama vinavyotoka kinywani.